Kuwasikiliza wanyamapori wa Dodoma kwa kinasa sauti

Vichaka vya Dodoma vina miiba na vimefungamana, na mara nyingi jicho halivuki mita 20. Sikio linavuka. Komba, bundi, kirukanjia, fisi, pimbi wa majabalini na vyura wa madimbwi ya msimu husikika kuliko wanavyoonekana. Popo ndio kabisa: wengi wao hupiga sauti za juu mno ambazo sikio la binadamu haliwezi kuzipata bila kifaa. Kinasa sauti kikifungwa mtini wiki mbili hakisinzii wala hakiogopi giza, na ukiwa navyo kumi utasikiliza sehemu kumi kwa saa ileile.

Maelezo haya ni kwa walio na vinasa vichache na eneo la kufuatilia: msitu wa kijiji, vilima vya Chenene, kingo za Hombolo au Bahi, au mapori ya akiba kama Swagaswaga na Mkungunero. Ugumu wa sayansi yake hauharibu kazi nyingi. Zinaharibiwa na memori kadi bandia, saa iliyowekwa vibaya, na upepo. Kwa hiyo humu tutakaa sana kwenye hayo.

Swali kabla ya kinasa

"Tunataka kujua kuna wanyama gani" ni hamu nzuri, lakini haikuambii ufunge kinasa wapi. Swali linalofaa ni kama hili: je, komba wapo kwenye msitu wa kijiji tu, au hata kwenye mashamba ya mtama yanayoupakana? Hapo umeshajua kwamba unarekodi usiku, kwamba unahitaji vituo ndani ya msitu na vituo shambani kwa idadi sawa, na kwamba unalinganisha uwepo, si idadi ya vichwa.

Swali ndilo linaloamua umbali kati ya vinasa. Ndege wengi wadogo wa vichakani hunaswa vizuri ndani ya mita 50 hadi 150, hivyo vituo vikiachana mita 300 hadi 500, ndege mmoja hatahesabiwa mara mbili. Simba na fisi ni habari nyingine. Usiku mtulivu wa kiangazi sauti zao husafiri kilomita kadhaa, na vinasa viwili vilivyo mita 500 vitakupa mnyama yuleyule. Kwao acha kilomita 3 hadi 5. Vyura hawahitaji hesabu kubwa, kwani kinasa kimoja kando ya kila dimbwi kinatosha.

Swali ndilo linaloamua msimu pia. Mvua za Dodoma ni za msimu mmoja, takribani Desemba hadi Aprili. Ndege wakazi huimba kwa nguvu zaidi mvua zinapokaribia na zinapoanza. Vyura huitana usiku ule ule wa mvua kubwa ya kwanza na siku chache zinazofuata. Ukifunga kinasa wiki moja baadaye, baadhi yao wameshamaliza. Kwa hiyo kwa vyura, vinasa viwe mtini kabla ya mvua, si baada ya kuiona. Kwa simba, fisi na bundi, miezi ya ukame ni mizuri zaidi kwa sababu usiku hauna makelele ya wadudu na vyura.

Vibali na watu wa eneo

Mapori ya akiba yako chini ya TAWA (Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori), hifadhi za misitu za serikali kuu ziko chini ya TFS (Wakala wa Huduma za Misitu), na msitu wa kijiji uko chini ya halmashauri ya kijiji. Utafiti wa wanyamapori unaratibiwa na TAWIRI (Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori), na vibali vya utafiti hupitia COSTECH (Tume ya Sayansi na Teknolojia). Anza miezi kadhaa kabla, kwa sababu mvua haitakusubiri.

Kijijini, usiishie kwa mtendaji. Omba nafasi kwenye mkutano, kionyeshe kinasa chenyewe, kifungue watu waone ndani kuna betri na kadi tu. Waambie wazi kwamba kifaa hakipigi picha, hakina laini, na kwamba kinaweza kunasa mazungumzo ya mtu akipita. Hilo la mwisho usilifiche. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu sauti za watu pia. Kubalianeni kwamba vipande vyenye maongezi vitafutwa bila kusikilizwa na mtu mwingine, na usifunge kinasa karibu na kisima, njia ya maji au mahali pa tambiko. Wachungaji na warina asali ndio hukutana na vinasa kuliko mtu mwingine yeyote. Wakielewa kazi yake vitabaki mtini, na mara nyingi watakuonyesha mahali pazuri kuliko ulilochagua kwenye ramani.

Kinasa, betri na kadi

Kinasa kinachotumika sana kwenye kazi za bajeti ndogo ni AudioMoth. Ni bodi ndogo inayotumia betri tatu za AA na memori kadi ndogo ya aina ya microSD. Vipo vingine kama Song Meter, ambavyo huja vikiwa ndani ya kasha lake, na kanuni zilizo hapa zinavifaa vyote.

Betri ziwe za alkalini au lithiamu. Zile za bei ya chini kabisa za rimoti na saa ya ukutani, za zinki na kaboni, zitakufa katikati ya kazi, na hutajua mpaka siku ya kukusanya. Za kuchaji zinafaa ila kila moja ina volti 1.2 badala ya 1.5, kwa hiyo zijaribu nyumbani kwa ratiba ileile uone zinafika siku ngapi. Usichanganye betri mpya na kuukuu kwenye kinasa kimoja.

Sasa kadi. Kadi bandia ni nyingi madukani, na ubaya wake ni kwamba ukiichomeka kwenye kompyuta inajitambulisha kuwa ya GB 64 ilhali ndani ina 8. Kinasa kitaendelea kuandika bila kulalamika, na faili zitakazofuata baada ya nafasi hiyo kujaa zitakuwa takataka. Kila kadi mpya ipime kabla haijaenda porini kwa programu ya H2testw kama unatumia Windows, au F3 kama unatumia Linux au Mac. Zote ni za bure. Zinaijaza kadi mpaka mwisho kisha zinasoma zilichoandika, na kama vimetofautiana, kadi hiyo irudishe dukani. Kazi hii huchukua saa kadhaa kwa kadi moja, kwa hiyo iache usiku. Kadi ya GB 32 iliyo halali ni bora kuliko ya GB 128 ya mashaka.

Iandike kila kadi namba kwa kalamu isiyofutika, na namba hiyo iingie kwenye fomu ya kituo. Kadi tupu na kadi iliyojaa zinafanana sana mkononi.

Masafa, ukubwa wa faili, ratiba

Kasi ya kusampuli, yaani kinasa kinaipima sauti mara ngapi kwa sekunde, inaamua sauti ya juu kabisa utakayoinasa: ni nusu ya kasi hiyo. Ukiweka kilohezi 48 unapata sauti hadi kilohezi 24, na hiyo inatosha ndege wote, vyura, komba, fisi na wadudu wengi. Popo wanahitaji zaidi. Weka kilohezi 256 upate hadi 128. Kuna mtego hapa: popo wakubwa wanaokula matunda, wakiwemo wanaochavusha maua ya mibuyu, karibu wote hawatumii mwangwi kuruka, hivyo kinasa cha masafa ya juu hakitawaona. Kinawanasa wala wadudu, kama wale wanaolala kwenye dari za shule na zahanati.

Kwa kilohezi 48, dakika moja inakula MB 5.76. Ukirekodi dakika 1 kila baada ya dakika 10, mchana na usiku, unapata dakika 144 kwa siku, yaani takribani MB 830. Siku 14 ni GB 11.6, na kadi ya GB 32 inabaki na nafasi. Kwa popo, kilohezi 256 kinakula MB 31 hivi kwa dakika. Usiku wa saa 11 na nusu kwa mtindo uleule unafika GB 2.1, na wiki moja ni karibu GB 15.

Kwa uchunguzi wa kwanza wa eneo tunapendekeza dakika 1 kila 10 bila kupumzika. Kwenye programu ya kupanga AudioMoth weka muda wa kurekodi sekunde 60 na muda wa kulala sekunde 540. Wengi huvutiwa kurekodi mfululizo asubuhi tu. Lakini vipande vifupi vilivyotawanyika hukutana na spishi nyingi zaidi kuliko saa moja ndefu ya siku moja, kwa sababu ndege aliyenyamaza saa 1 asubuhi anaweza kuimba saa 3, na bundi hana habari na ratiba yako.

Ukuzaji wa sauti uweke wa kati na usiuguse tena, na uwe uleule kwenye vinasa vyote na miaka yote. Ukiubadilisha, mwaka ujao hutajua kama ndege wameongezeka au kinasa kimeanza kusikia mbali zaidi.

Kuna kichujio kinachokata sauti za chini ili kupunguza upepo. Usikiwashe porini. Simba, fisi, mumbi na bundi wakubwa hupiga sauti zao kwenye masafa hayohayo ya chini ambayo kichujio kinayatupa, na kilichotupwa wakati wa kurekodi hakirudi. Upepo utauchuja baadaye kwenye kompyuta. Tembo nao wana ngurumo za chini kuliko sikio linavyoweza, hezi 20 na chini yake, na maikrofoni ndogo ya kinasa cha kawaida haizinasi vizuri. Wakikuvutia hao, tafuta kifaa kingine.

Saa: hapa ndipo wengi huanguka

AudioMoth hutunza saa ya UTC, yaani saa ya kimataifa ya marejeo, na majina ya faili hufuata saa hiyo. Tanzania iko mbele ya UTC kwa saa 3. Kisha juu yake kuna saa yetu ya Kiswahili, inayopishana na saa ya simu kwa saa 6. Mtu akiambiwa "weka ianze saa 11 alfajiri" na akaandika 11:00, kinasa kitaamka saa 8 mchana kwa saa za hapa, jua likiwa utosini na ndege wamenyamaza. Kosa hili ni la kila msimu.

Andika ratiba kwa safu tatu kwenye karatasi kabla ya kufungua kompyuta. Saa 11 alfajiri ni 05:00 ya simu, ni 02:00 ya UTC. Saa 12 asubuhi ni 06:00, ni 03:00. Saa 1 usiku ni 19:00, ni 16:00. Saa 6 usiku ni 00:00 ya siku mpya hapa, lakini kwa UTC ni 21:00 ya siku iliyopita. Maana yake ni kwamba faili zote za kati ya saa 6 na saa 9 usiku zitakuwa na tarehe ya jana. Faili yenye jina 20250114_223000 ilirekodiwa Dodoma tarehe 15 Januari, saa 7 na nusu usiku. Mtu asiyejua hilo atasema fisi walilia tarehe 14 mapema usiku, na atalinganisha na mwezi au mvua ya siku isiyo yake.

Usibadilishe majina ya faili. Acha UTC ilivyo, na ongeza saa 3 kwenye jedwali la matokeo peke yake.

Jua la Dodoma huchomoza kati ya saa 12 na dakika 10 na saa 12 na dakika 50 kutegemea mwezi. Kama lazima urekodi asubuhi tu, anza saa 11 alfajiri, kwa sababu wapo wanaoimba na kumaliza kabla hakujapambazuka vizuri.

Saa huwekwa kwa kuunganisha kinasa na kompyuta, na hubaki maadamu betri zimo. Ukizitoa hata dakika chache, irudie. Kwa hiyo betri mpya kwanza, saa baadaye, na usiguse betri tena mpaka porini. Kabla ya kukifunga kasha, sukuma swichi kwenye ratiba yako na utazame taa: ya kijani ikimweka kila baada ya sekunde chache, kinasa kinasubiri zamu, na nyekundu ikiwaka kinarekodi. Subiri mpaka uone nyekundu walau mara moja. Dakika 10 za kusimama chini ya mti ni nafuu kuliko wiki mbili za kadi tupu.

Kufunga mtini

Urefu wa mita 1.5 hadi 2 unatosha. Ni juu ya nyasi na bado unafika bila ngazi. Shina liwe jembamba, lisizidi sentimita 20. Mbuyu unavutia kwa sababu huwezi kuukosa kwenye ramani, lakini shina lake ni ukuta: kila kinacholia upande wa nyuma kinapotea. Tena kiangazi mbuyu hauna jani hata moja, na kinasa kitaungua jua mchana kutwa. Tafuta mti wenye kivuli hata Septemba.

Funga kwa vipande vya tyubu kuukuu ya baiskeli. Vinabana bila kuumiza gome, havipigi kelele kwenye upepo, na vipo kila kijiji. Kamba ya katani mchwa wataijengea udongo na kuila, na waya hukwaruza na kulia. Maikrofoni itazame upande ulio wazi, na kata kila kitawi na jani lililo ndani ya nusu mita. Tawi moja linalogusa kasha litakupa maelfu ya mikwaruzo ambayo programu itaiita ndege.

Kama huna kasha la kiwandani, mfuko wa plastiki wenye kufungika kwa zipu unatosha kwa ndege na vyura, pamoja na pakiti ya chembe za kunyonya unyevu ndani. Uvute uwe umekaza mbele ya maikrofoni, maana ukilegea hupiga makofi. Kwa popo mfuko haufai, unameza masafa ya juu. Kasha la plastiki la mafundi umeme ukilitoboa tundu dogo mbele ya maikrofoni linafanya kazi nzuri, ila tundu hilo lifunikwe kwa utando maalumu wa kupitisha sauti. Tundu lililo wazi ni nyumba ya bure kwa nyigu wajenzi wa udongo: siku tatu tu wanaliziba, na kutoka hapo unarekodi kimya.

Nyani hushika kila kinachong'aa, kwa hiyo paka kasha rangi ya matope au funika kwa kitambaa kilichofifia. Fisi hutafuna vitu vyenye jasho la mtu, nawa mikono kabla. Palipo na tembo, funga kwenye shina la ndani ya kichaka, si kwenye mti wanaojikunia. Ukiona mzinga wa nyuki, sogea mita 50 au zaidi. Mvumo wao utafunika kila kitu, achilia mbali hatari ya kurudi kukichukua.

Upepo wa Dodoma hauhitaji kutambulishwa. Huvuma zaidi mchana wa miezi ya ukame na kutulia kuelekea alfajiri. Huwezi kuuzima, ila unaweza kuukwepa: epuka migongo ya vilima na mbuga zilizo wazi, shuka kwenye korongo au nyuma ya kichaka, na usichague kituo kwa sababu tu kina mandhari. Kama vituo vyako lazima viwe vya kubahatisha kwenye ramani, ruhusu kusogea hadi mita 50 kutafuta kinga, na uandike umesogea kiasi gani.

Pointi ya kituo ichukue kwa simu au GPS katika nyuzi za desimali, mfumo wa WGS84 ambao GPS huutumia. Kuna sababu mbili. Mstari wa nyuzi 36 mashariki unaukata mkoa, hivyo Dodoma mjini na Kondoa ziko kanda ya 36 ya UTM (mfumo wa ramani unaoigawa dunia kwa kanda) na Mpwapwa na Kongwa ziko kanda ya 37, na ukichanganya kanda kituo kitahamia mamia ya kilomita. Pia ramani za zamani za karatasi hutumia mfumo wa Arc 1960, na tofauti yake na GPS ni mamia ya mita. Kwa vituo vinavyoachana mita 300, hiyo ni kituo kizima.

Kwenye fomu andika: namba ya kinasa, namba ya kadi, pointi, saa ya kufunga (kwa saa ya simu), urefu kutoka ardhini, aina ya mti, upande inaotazama maikrofoni, na umbali wa barabara au boma la karibu. Kisha simama mbele ya kinasa wakati kinarekodi na utamke jina la kituo na tarehe. Fomu ikipotea, kadi yenyewe itakwambia ilikuwa wapi.

Kinasa chako kinasikia mpaka wapi?

Jambo hili hurukwa, na ndilo linalotofautisha orodha na uchunguzi. Chukua spika ndogo, cheza mlio uleule kwa sauti ileile ukiwa mita 25, 50, 100, 150 na 200 kutoka kwenye kinasa, asubuhi tulivu na tena mchana wa upepo. Rudi utazame ulifika wapi. Kichaka kizito na mbuga iliyo wazi vitakupa majibu tofauti sana. Bila kipimo hiki unaweza kudai msitu una ndege wachache kuliko shamba, kumbe majani ndiyo yaliyomeza sauti. Usichezee milio karibu na viota, na usiirudie mara nyingi mahali pamoja.

Kukusanya

Kabla ya kuzima, ongea tena mbele ya kinasa. Zima, toa kadi, iweke kwenye kibahasha chenye namba ya kituo. Jioni hiyohiyo nakili faili kwenye diski mbili tofauti, na diski hizo zisisafiri kwenye begi moja. Kadi isifutwe mpaka nakala zote mbili zimefunguliwa na kuhakikiwa.

Fungua faili tatu: ya kwanza, ya katikati, ya mwisho. Kama ya mwisho ni ya siku ya nne, betri au kadi ndiyo kisa. Ndani ya kichwa cha kila faili AudioMoth huandika volti ya betri na joto, hivyo utaona kama betri zilishuka polepole au kadi ilikataa ghafla. Joto hilo ni la kwenye kasha, usiliite joto la hewa.

Kuchambua

Vinasa 10 kwa siku 14 vinakupa saa 336. Hakuna atakayezisikiliza zote. Kazi inagawanywa: programu inachuja, mtu anahakiki.

Anza kwa macho. Audacity, ambayo ni ya bure, inaonyesha sauti kama picha ya masafa ukibadilisha mwonekano wa wimbi kuwa spektogramu. Upepo ni ukungu chini ya picha, mvua ni pazia la juu mpaka chini, nyenje ni ukanda mnene usiokatika, na ndege ni michoro yenye umbo. Tazama faili 100 kwa njia hii kabla ya kugusa programu yoyote ya kutambua. Jicho litazoea haraka, na utajua siku zipi za kuondoa kwa mvua au upepo. Siku hizo ziondoe kwa kanuni moja iliyoandikwa, si kwa kuonea faili zisizopendeza.

Kwa ndege, programu ya BirdNET ndiyo inayotumika zaidi. Imetengenezwa na Chuo Kikuu cha Cornell na Chuo Kikuu cha Chemnitz, na hukata sauti vipande vya sekunde 3 na kutoa jina na alama ya uhakika kati ya 0 na 1. Ipe latitudo na longitudo, kwa Dodoma mjini ni -6.17 na 35.74, ili isikutajie ndege wa Ulaya ya kaskazini, na ipe wiki ya mwaka. Kumbuka yenyewe inaugawa mwaka wiki 48, nne kwa kila mwezi.

Alama ile si asilimia ya ukweli. 0.8 ya spishi moja inaweza kuwa sahihi karibu kila mara, na 0.8 ya nyingine ikawa mbuzi. Kwa kila spishi unayotaka kuitaja, toa vipande 50 kwa bahati nasibu kutoka alama zote, mpe mtu anayewajua ndege wa nyika avisikilize bila kuona jina, na uhesabu. Kama 38 ni sahihi, usahihi ni 76%. Panda na kiwango cha alama mpaka usahihi ukuridhishe, kisha tumia kiwango hicho kwa spishi hiyo pekee. Kwa milio ya kulinganisha kuna maktaba ya xeno-canto, ya bure.

Makosa ya huku yana sura zake. Kengele za mbuzi, jogoo wa bomani, breki za pikipiki na adhana ya mbali vyote vimeshapewa majina ya ndege. Mramba ni mwizi wa sauti za wengine, na kurumbiza naye hujua kuiga, kwa hiyo mlio mmoja pekee wa mwewe au kanga kwenye kituo kizima usiupe uzito mpaka usikie kinachofuata baada yake. Kundi la kwelea kwelea likitua karibu hujaza faili nzima na kuwafunika waliobaki. Faili hizo ziweke kando, lakini tarehe zake ziandike. Mabwana shamba watazihitaji.

Vyura, komba na fisi BirdNET haiwajui vya kutosha. Kwao tumia macho: chukua faili za saa 1 hadi saa 5 usiku, spektogramu hadi kilohezi 8, na upitie kurasa kwa kurasa. Watu wawili hupita faili 500 kwa siku bila kuchoka sana. Zipo pia namba za jumla zinazodai kupima utajiri wa sauti wa mahali bila kutambua spishi. Kwenye nyanda hizi, nyenje wakianza kabla ya mvua namba hizo hupanda mpaka juu hata kama ndege wote wamehama. Hatuzipendekezi.

Unachoweza kusema na usichoweza

Kinasa kinakwambia mnyama alilia karibu na hapa. Milio 200 inaweza kuwa ndege mmoja mwenye bidii. Kwa hiyo usiandike "ndege 200". Andika amenaswa kwenye vituo 7 kati ya 10, kwa siku ngapi kati ya 14.

Idadi ya siku ndiyo inayompa nguvu aliyenyamaza. Tuseme mnyama yupo, na kila siku kuna nafasi ya 30% kwamba atanaswa. Ukirekodi siku moja, utamkosa mara 7 kati ya 10. Siku 7 zinashusha nafasi ya kumkosa hadi 8%, na siku 14 chini ya 1%. Ndiyo maana wiki mbili kwenye vituo vichache ni bora kuliko siku mbili kwenye vituo vingi, na ndiyo maana jedwali lako lazima lionyeshe kila siku kivyake, 1 kwa aliyesikika na 0 kwa asiyesikika, ili anayejua takwimu akokotoe uwepo pamoja na nafasi ya kumkosa.

Milio ya bunduki na misumeno ya mnyororo itatokea. Hiyo isikae kwenye ripoti ya miezi sita. Mkubaliane mapema na wasimamizi wa eneo nani ataambiwa na kwa njia gani. Taarifa zenye pointi kamili za spishi zinazowindwa zisiwekwe hadharani.

Kabla ya kurudia mwaka ujao

Vituo vilevile, ratiba ileile, ukuzaji uleule. Tarehe zifuate mvua kuliko kalenda, kwa mfano, kama unafuatilia ndege na si vyura, siku 10 baada ya mvua ya kwanza inayotiririsha maji. Maikrofoni huzeeka kwa joto na vumbi, hivyo vipange vinasa vyote kwenye meza moja, vicheze mlio mmoja kutoka mita 5, na linganisha picha zao. Kinachosikia chini ya wenzake kibadilishwe maikrofoni au kiondolewe, vinginevyo utaandika kwamba ndege wa kituo chake wametoweka. Kisha toa betri zote kabla ya kuvihifadhi. Alkalini zikiachwa ndani miezi minane kwenye stoo ya bati huvuja, na ute wake hula viguso vya betri.